Nguvu Kabla ya Kipimo

Injini ilipasuka adhuhuri, mwezi wa Februari, kwenye barabara itokayo Kangonde kuelekea Embu, karibu na Masinga. Konirodi ya silinda ya nne ilikatika, ikatoboa bloku, na oili yote ikamwagikia ekzosi na lami. Moshi ukaifunga barabara. Akina mama waliokuwa wakiswaga punda wenye mitungi ya maji walikimbilia kichakani, na gari likateleza kwenye oili yake lenyewe mpaka likaingia mtaroni. Hakuna aliyeumia, na kwa hilo tushukuru. Kilichopotea ni injini, faida ya msimu mzima wa biashara ya samaki, na mkopo wa sacco ambao mdhamini wake alikuwa mama mzazi wa kijana.

Nakisimulia kisa hiki kwa ajili ya vijana wenye kuyapenda magari, hasa wale wa injini za silinda nne zenye turbo, wanaotaka kuzipandisha mizunguko na kuzikamua nguvu ambazo kiwanda hakikuziwekea. Sina nia ya kumkataza mtu. Kuitoa nguvu ya farasi 400 kwenye injini ya lita mbili ni kazi ya akili na ya mikono, na wapo mafundi wa Nairobi na Nakuru wanaoiweza vizuri. Ninachotaka msomaji akione ni utaratibu: kijana huyu alianza na nini, akaacha nini, na kile alichokiacha kilimgharimu vipi.

Jina lake silitaji. Pale Masinga wanamjua kama kijana wa samaki. Hununua tilapia na kambale kutoka kwa wavuvi wa bwawa asubuhi na mapema, akawapeleka Matuu na Thika kwa pikapu kuukuu. Bwawa lenyewe, lililokamilika 1981 kwenye Mto Tana, lilijengwa kwa ajili ya umeme na kudhibiti maji ya mabwawa yaliyo chini yake, lakini kwa watu wengi wa huko ni riziki ya kila siku. Kijana alijikusanyia pesa humo kwa bidii ambayo hata wakubwa wake waliisifu. Pikapu ilikuwa ya kazi. Ya moyo ilikuwa Subaru Impreza WRX ya mwaka 2002, buluu, yenye injini ya EJ20 ya lita mbili, silinda nne zilizolala mbili huku na mbili huku, na turbo moja.

Mapenzi ya Subaru nchini Kenya yana mizizi. Mwaka 1994 dereva Patrick Njiru alimaliza mashindano ya Safari Rally katika nafasi ya 4 akiwa na Impreza, na akashinda daraja la Group N, la magari yaliyokaribiana na yale ya dukani. Mwaka 1997 Colin McRae akaishinda Safari nzima kwa Impreza, na mwaka 2000 Richard Burns akarudia. Wapinzani wao wakubwa, Mitsubishi, walikuwa na Tommi Mäkinen aliyeshinda 1996 na 2001 kwa Lancer. Yote hayo ni magari ya lita mbili, silinda nne na turbo. Mtoto aliyesimama kando ya barabara ya vumbi miaka ile, akalisikia gari lile likija kutoka mbali kabla hajaliona, hawezi kuusahau mlio wake.

Lakini kuna jambo ambalo mashabiki hulisahau. Tangu 1995, magari yale ya ubingwa wa dunia yalilazimishwa kuvuta hewa yote kupitia tundu lenye kipenyo cha milimita 34. Kwa hiyo nguvu zao zilikuwa kiasi cha farasi 300 tu, pamoja na mamilioni yote ya dola waliyotumia. Wahandisi waliweka ufundi wao mahali pengine: kwenye msukumo wa mizunguko ya chini na ya kati, kwenye upoaji, kwenye oili, kwenye vichujio vya hewa. Safari ya wakati ule ilikuwa na zaidi ya kilomita 1,000 za mashindano, na kazi ya kwanza ya injini ilikuwa kufika. Injini ya McRae tunayoitukuza ilikuwa na nguvu pungufu ya ile ambayo kijana wetu aliitamani aende nayo kununua samaki.

Sasa twende kwenye gari lenyewe. Kenya hairuhusu kuingiza gari lililozidi miaka minane, kwa hiyo Impreza za enzi ile zilizopo nchini ni zile zilizoingia zamani. Zimepita mikono mingi. Gari hili lilikuwa na angalau wenyewe wanne kabla yake, na hakuna aliyejua kama saa ya kilomita ilisema kweli. Injini ya kwanza ilikuwa imeshakufa, ikabadilishwa na nyingine ya mtumba kutoka Japani. Hii ya pili ilikuwa nzima, inavuta vizuri, haitoi moshi. Kutoka kiwandani ilihesabiwa kuwa na nguvu ya farasi 250, na mwisho wake wa mizunguko ni kiasi cha 7,000 kwa dakika.

Pesa ilipoingia, alinunua kwanza turbo kubwa. Kisha injekta kubwa, pampu ya petroli, ekzosi pana, na saa ya boosti yenye taa nyekundu, ile inayoonyesha turbo inashindilia hewa kiasi gani. Fundi mmoja wa Nairobi akamwandikia programu mpya ya injini usiku mmoja wa Agosti, akaupandisha mwisho wa mizunguko hadi 8,500. Mashine ya kupimia ilionyesha karibu farasi 400. Karatasi ya vipimo hivyo aliikunja akaiweka kwenye dashibodi, na kila aliyepanda gari alionyeshwa.

Hakununua pistoni. Hakununua konirodi wala bolti zake. Hakununua saa ya presha ya oili, wala ya joto la oili, wala kipimo cha mchanganyiko wa hewa na petroli. Fundi wa Nairobi, ambaye simlaumu, alimwambia mambo mawili: atie petroli ya oktani ya juu peke yake, na arudi mchana wa jua kali ili programu ipimwe kwenye joto. La kwanza alilitimiza pale alipoipata petroli hiyo, maana si kila kituo kati ya Thika na Embu kinaiuza. La pili hakulitimiza.

Hapa inafaa tutulie kidogo, kwa sababu wengi huharibu injini zao bila kujua ni nguvu gani hasa inayovunja chuma.

Nguvu ya farasi hupatikana kwa kuzidisha msukumo wa kranki na kasi yake. Ukitaka farasi 400 kwenye mizunguko 5,500, kranki inapaswa kusukumwa kwa Nm 518 hivi. Ukiitaka nguvu ileile kwenye mizunguko 8,000, Nm 356 zinatosha. Ndiyo maana wajenzi hupenda mizunguko ya juu: giaboksi haipasuki haraka, na pistoni haibebi mlipuko mkubwa sana kwa kila pigo. Turbo kubwa nayo hupenda huko juu, kwa kuwa huchelewa kuamka na hutaka moshi mwingi wa kuizungusha. Hesabu hiyo ni ya kweli. Kosa ni kuishia hapo.

Kila pistoni inapofika juu husimama, kisha hurudi chini. Kwenye mizunguko 8,500 hufanya hivyo karibu mara 142 kwa sekunde. Chukua pistoni pamoja na pini na ringi zake, uzito wa nusu kilo hivi. Ndani ya EJ20, ambayo pistoni yake husafiri milimita 75, kuigeuza nusu kilo hiyo kwenye mizunguko 7,000 kunahitaji nguvu inayolingana na uzito wa tani 1.3. Kwenye 8,500 inafika karibu tani 2. Mizunguko imeongezeka kwa asilimia 21, mzigo umeongezeka kwa asilimia 47, kwa sababu mzigo huu hukua kwa kipeo cha pili cha mizunguko. Na zinazobeba mzigo huo ni bolti mbili nyembamba kuliko kidole cha mwisho, zilizokaza kifuniko cha konirodi. Wakati mbaya kuliko wote ni pistoni inapofika juu ikiwa imemaliza kutoa moshi: hakuna mlipuko wa kuisukuma kurudi, kwa hiyo konirodi inaivuta peke yake, na bolti zinanyooka kwa unyoya. Mtu anaweza kupunguza boosti akadhani ameiokoa injini. Bolti hazijui habari za boosti, zinajua mizunguko.

Nitaitetea EJ20 kidogo. Kwa safari yake fupi ya pistoni, inastahimili mizunguko vizuri kuliko 4G63 ya Mitsubishi, yenye safari ya milimita 88. Kwenye 8,500, pistoni ya 4G63 hukimbia wastani wa mita 25 kwa sekunde. Ya EJ20 hukimbia 21 tu. Honda ya S2000 ilitoka kiwandani ikifika 9,000 na bado ikadumu, lakini Honda waliijenga kwa ajili hiyo tangu kranki hadi springi za valvu. Injini ya WRX ya kijana ilikuwa na pistoni za kumiminwa, si za kufuliwa, na bloku ambayo silinda zake zimesimama wazi kwa juu bila kushikwa pembeni. Kiwanda kilizipangia kazi ya farasi 250. Kazi hiyo zilikuwa zikiifanya kwa uaminifu.

Wapo wanaonijibu kwa kuitaja BMW. Ni kweli, Nelson Piquet alitwaa ubingwa wa Formula One mwaka 1983 kwa injini ya BMW ya lita moja na nusu, silinda nne, turbo, na bloku iliyotokana na ya magari ya kawaida ya barabarani. Kufikia 1986 injini hiyo ilikuwa inapita farasi 1,000 kwenye mizunguko ya kutafuta nafasi ya kuanzia. Lakini injini ya kutafuta nafasi ilitarajiwa kuishi mizunguko michache ya uwanja, kisha inang'olewa na nyingine inawekwa. Kiwanda kizima kilikuwa nyuma yake. Kijana wa samaki alikuwa na moja, ya mtumba, na kesho yake alitakiwa awe bwawani saa kumi na moja alfajiri.

Ishara ya kwanza ilikuja Novemba. Akipanda mlima kwa gia ya nne, alisikia mlio mwembamba, kama kokoto zikitikiswa ndani ya debe, ukaja ukapotea. Alidhani ni kinga ya ekzosi imelegea. Ule ulikuwa ugongaji wa petroli: hewa na petroli vikiwaka vyenyewe ndani ya silinda kabla moto wa plagi haujavifikia. Injini za Kijapani za aina hii ziliandaliwa kwa petroli ya kwao yenye oktani karibu 100. Petroli ya kawaida ya vituo vyetu haifiki hapo. Kwa gari lisiloguswa, kompyuta husikia ugongaji kwa kihisi chake na kurudisha nyuma wakati wa plagi, mwenye gari asijue. Kwa gari lililosukumwa hadi ukingoni, hakuna nafasi ya kutosha ya kurudi.

Desemba alilipeleka gari kwa fundi mmoja mzee wa Matuu kumwaga oili. Mzee yule ana desturi ambayo laiti kila gareji ingekuwa nayo. Hatupi kichujio cha oili. Hukikata kwa msumeno, akaikunjua karatasi yake ya ndani juu ya gazeti, akaibana oili ikachuruzika, kisha akaipeleka juani na kuigeuzageuza polepole. Siku hiyo karatasi ilimetameta. Zilikuwa chembe ndogo kuliko punje za chumvi, nyingine za rangi ya fedha, na mbili tatu zenye wekundu wa shaba.

"Kijana wangu, hizi zinatoka kwa beringi za konirodi," akamwambia. "Za fedha ni ngozi ya juu. Hizi nyekundu ni za ndani. Na mbona oili imetoka kidogo hivi?"

"Huwa inakula, mzee. Subaru zote hula oili."

"Inakula kiasi gani?"

"Naongezanga tu."

"Hii gari umeiwekea saa gani?"

"Ya boosti."

"Hiyo inakuambia unachopenda kusikia. Ya kukuambia usichopenda iko wapi?"

Kijana alicheka, akalipa, akaondoka. Mzee alikuwa amemshauri aisimamishe injini, ifunguliwe chini, beringi zibadilishwe, na silinda zipimwe mgandamizo. Kazi ya siku kadhaa na pesa ya kuvumilika. Lakini Krismasi ilikuwa inakaribia, marafiki walikuwa wanatoka Nairobi, na gari lilikuwa limeshaahidiwa kuonekana.

Najua nilichokisema kuhusu oili kitawafanya baadhi ya wenye Subaru wakunje uso. Ni kweli EJ20 nyingi hupunguza oili, na mwenye nayo anapaswa kuchomoa kijiti kila anapojaza petroli. Lakini "naongezanga tu" si kipimo. Injini hii hubeba lita nne na kitu. Ikipungua moja na nusu, na dereva akafunga breki ghafla au akakata kona ndefu kwa kasi, oili hukimbilia upande mmoja wa sampu na bomba la kufyonzea likavuta hewa. Inatosha nusu sekunde kwenye mizunguko 8,000. Beringi ya konirodi huelea juu ya utando wa oili mwembamba kuliko unywele. Utando ukikatika, chuma kinagusa chuma, na zile chembe nyekundu ndizo stakabadhi.

Basi ikaja Februari, mwezi wa joto kali Masinga. Hapo ndipo programu ya usiku wa Agosti ilipodai deni lake. Nairobi iko kwenye mita kama 1,700 juu ya usawa wa bahari, na usiku wa Agosti joto linaweza kuwa nyuzi 15 au chini. Bwawa la Masinga liko kwenye mita 1,050 hivi, na adhuhuri ya Februari nyuzi 34 si habari. Turbo ikishindilia hewa huipasha moto: kwa boosti ya gari lile, hewa ya Nairobi usiku ingetoka kwenye turbo ikiwa na nyuzi 135 hivi, na ile ya Masinga mchana karibu 155. Kazi ya kuipoza ni ya intakula, ambayo kwenye WRX imelazwa juu ya injini yenyewe, chini ya ule mdomo wa boneti. Gari likikimbia, upepo huingia mdomoni na kuipoza. Gari likisimama na injini inaunguruma, joto lote la injini hupanda na kuipika.

Siku ile gari lilisimama. Kijana alikutana na marafiki chini ya mti, wakafungua boneti, wakapiga picha, injini ikiwa inazunguka muda wote ili mlio usikike. Aliyeigusa intakula angeondoa mkono mara moja. Kisha wakafunga boneti, na palepale akaondoka kwa nguvu zote, gia ya pili, ya tatu, ya nne, hadi kwenye 8,500. Petroli ya siku hiyo ilikuwa ya kawaida.

Injini ilipofunguliwa Matuu nilikuwapo, na niliomba nishike kila kipande. Kisa chote kilikuwa kimeandikwa humo kwa mwenye subira ya kusoma. Pistoni ya nne, iliyo nyuma kabisa karibu na ukuta wa kabini, ilikuwa imemeguka kwenye kile kiungo chembamba kati ya ringi ya kwanza na ya pili. Mvunjiko haukuwa mpya wote. Sehemu moja ilikuwa na masizi ya siku nyingi, nyingine iling'aa. Maana yake ugongaji wa Novemba ndio ulioanza kuimega. Kupitia ufa huo, moto wa silinda ulikuwa ukishuka hadi kwenye sampu, ukiisukuma oili kutoka kwa bomba la kupumulia, na oili hiyo ikivutwa tena na turbo. Mabomba ya hewa na intakula kwa ndani yalikuwa yamelowa. Oili ikiingia silinda pamoja na petroli hushusha oktani, kwa hiyo ugongaji ukazidi, ufa ukazidi, oili ikazidi kupungua. Hiyo ndiyo ilikuwa "Subaru zote hula oili".

Beringi za silinda ya pili na ya tatu, ambazo hazikupasuka, zilikuwa zimelika hadi shaba. Ya nne haikuwapo. Ilikuwa imesagika ikawa karatasi, ikazunguka ndani ya kitanda chake, ikalifunga tundu la oili. Bolti moja ya konirodi ilikuwa imerefuka, ukiiweka kando ya nyingine unaona kwa macho. Kranki imechunika. Upande wa kushoto wa bloku, tundu la kupitisha ngumi.

Mzee hakusema "nilikuambia". Alimwita kijana, akamkabidhi pistoni, akamwonyesha ile sehemu ya masizi na ile inayong'aa, akamwacha aitazame. Baadaye aliniambia kwamba katika injini za turbo zilizokufa ambazo amezifungua, chache mno zilikufa kwa ghafla. Nyingi zilisema kwanza, na hakukuwa na kitu garini cha kumtafsiria mwenye gari.

Kwa hesabu yake, saa ya presha ya oili, saa ya joto la oili na kipimo cha mchanganyiko, pamoja na beringi mpya za Desemba, vyote havifiki nusu ya bei ya ile turbo kubwa. Saa ya presha ingeonyesha sindano ikidondoka kwenye kona. Kipimo cha mgandamizo kingeionyesha silinda ya nne ikiwa chini ya wenzake tangu Novemba. Na kichujio kilikwisha kumetameta juani, bila kifaa chochote cha kununua.

Lililonisikitisha kuliko chuma ni mama yake. Mwaitu, kama wanavyomwita nyumbani, aliweka akiba yake ya sacco kuwa dhamana kwa sababu aliambiwa mkopo ni wa kununua friji ya samaki. Hakujua turbo ni nini. Alipofika gareji alisimama mbali na gari, akamsalimu mzee kwa heshima, kisha akauliza kitu kimoja: kama kuna sehemu yoyote ya kile kilichonunuliwa inayoweza kuuzwa. Kijana aliinama. Mzee ndiye aliyejibu, akaanza kutenga vipande: injekta nzima, pampu nzima, ekzosi nzima. Turbo ilikuwa imemeza vumbi la chuma, lakini nyumba yake na upande wa moto vilipona, na ikifanyiwa ukarabati itapata mnunuzi kwenye soko la vipuri la Grogan, Nairobi.

Kijana aliuza ekzosi na injekta, pesa ikaenda moja kwa moja kwenye mkopo. Mwezi wa Mei alianza kujenga upya, na safari hii mzee ndiye aliyeandika utaratibu kwenye kipande cha boksi, kikabandikwa ukutani. Injini nyingine ya mtumba, lakini ifunguliwe kabla ya kuwekwa. Beringi mpya, na nafasi yake ipimwe kwa waya laini wa plastiki, si kwa kidole. Bomba la kufyonzea oili liimarishwe. Saa tatu ziwekwe mbele ya macho ya dereva, na ile ya boosti ihamishiwe pembeni. Turbo irudishwe ile ndogo ya kiwandani, mizunguko iishie 6,800. Programu ipimwe Masinga kwenyewe, saa saba mchana, kwa petroli ya kituo kilicho karibu, ile atakayoitumia kweli. Pistoni za kufuliwa na bolti bora za konirodi zitafuata pesa ikipatikana, na mizunguko haitapandishwa hata mia mbili kabla hazijafika.

Mara ya mwisho nilipopita Matuu, gari lilikuwa linatembea kwa farasi kama 240, pungufu hata ya za kiwandani. Ndani ya mlango wa dereva kulikuwa na daftari la shule: tarehe, kilomita, kijiti cha oili kilipofika, presha ikiwa baridi, presha ikiwa moto. Mkopo ulikuwa umebaki malipo ya miezi saba.